Namna ya kupatana pesa na msimbo katika jumuiya ya kripto

Mwongozo huu ni wa vikundi vidogo vyenye sarafu au tokeni yao wenyewe, mfuko wa pamoja, na fundi mmoja au wawili wa programu wanaoendesha pochi ambayo wanachama wanaitumia kwenye simu. Hakuna kampuni, hakuna bosi, maamuzi hupigiwa kura. Siku fundi anapoomba alipwe ipasavyo na jumuiya inapoomba ipewe msimbo chanzo, yaani maandishi ya fundi yanayoijenga programu, ndipo kasheshe huanza.

Kikao cha kwanza huwa na maneno yale yale. Mweka hazina atasema: “Mwanangu, tukikupa pesa zote leo, kesho simu yako ikawa haipatikani, tutamshika nani?” Fundi naye: “Na mimi, mama, nikiwapa msimbo wote leo, kesho mkaniambia mfuko umekauka, nitaurudishaje? Huu si gunia la mchele, nikiutoa umetoka.”

Wote wawili wana haki. Ndiyo maana sipendi vikao vinavyoanza kwa kutafuta nani mwaminifu na nani si mwaminifu. Hatua zote zilizo hapa chini zina lengo moja: pesa na msimbo vitoke pamoja, kidogo kidogo, na pasiwe na siku ambayo upande mmoja umeshika vyote viwili.

Mombasa si mgeni wa mambo haya. Mwaka 2013 wafanyabiashara wadogo wa mtaa wa Bangladesh, upande wa Jomvu, walianza kubadilishana vocha za karatasi zilizoitwa Bangla-Pesa, ili biashara isisimame shilingi zikiwa adimu. Baadhi ya waliohusika walikamatwa na kushtakiwa, kisha mashtaka yakaondolewa. Kazi ile ilikua ikawa Sarafu ya Grassroots Economics, shirika la Kilifi, ya kutumia kwa simu, na msimbo wake umewekwa wazi. Fundi akikwambia kwamba msimbo wazi na kazi ya maana haviendi pamoja, mwelekeze Kilifi, si mbali.

Hatua ya 1: Amueni nani anazungumza kwa niaba ya nani

Jumuiya isiyo na kiongozi haiwezi kupatana bei. Watu mia mbili kwenye kundi la Telegram watamchosha fundi kwa maswali, mmoja atamtukana, na mwingine atamwahidi kitu ambacho hakuna aliyekipitisha. Chagueni wajumbe watatu kwa kura. Wapeni barua fupi ya mamlaka yenye mambo matatu tu: kiwango cha juu cha pesa wanachoweza kukubali, mambo ambayo hawana ruhusa ya kuyaachia, na tarehe ya kurudi kwa wanachama kupata idhini. Akidi ya kura hiyo iandikwe mapema, la sivyo atakayeshindwa atasema kikao hakikutimia.

Kuna upande wa sheria ambao vikundi vingi huuruka. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, programu ya kompyuta inalindwa kama kazi ya maandishi. Kifungu cha 31 kinasema kazi ikiagizwa na mtu ambaye si mwajiri wa mtunzi, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa wamepatana vingine. Kwa hiyo fundi anayedhani msimbo ni wake kwa kuwa ameuandika kwa mkono wake anaweza kuwa amekosea. Na jumuiya inayodhani msimbo ni wake kwa kuwa imelipa inaweza kuwa imekosea pia, maana nani hasa aliyeagiza? Kundi la Telegram haliwezi kushtaki wala kushtakiwa. Jiandikisheni kama kikundi cha jamii chini ya sheria ya mwaka 2022 ya usajili wa vikundi hivyo, au kama chama cha ushirika, ili mkataba uwe na mtu wa pili. Msimbo ambao fundi aliuandika kabla hamjampa kazi ni wake, na akiukabidhi lazima iwe kwa maandishi.

Hatua ya 2: Orodhesheni mnachokitaka, kitu kwa kitu

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko kwingine kote. “Tupe msimbo” ni ombi la mtu asiyejua anachoomba. Fundi anaweza kuwapa faili zote kwa moyo mweupe, na bado mkabaki mikononi mwake.

Anzeni na ufunguo wa kutia saini programu. Pochi ya Android hutiwa saini kwa ufunguo maalumu kabla ya kutolewa. Ufunguo huo ukipotea, au fundi akiondoka nao, toleo jipya litakataa kukaa juu ya lile la zamani. Kila mwanachama itambidi aifute pochi na kuweka nyingine. Muuza samaki wa Kongowea ambaye hakuwahi kuandika kwenye karatasi maneno yake 12 ya siri ya kurudishia pochi ataifuta pochi, na salio lake litakwenda nayo.

Kisha kuna ufunguo wa usimamizi wa mkataba erevu wenyewe, yaani programu ya mtandaoni inayoendesha tokeni: nani anaweza kutoa tokeni mpya, nani anaweza kusimamisha malipo, nani anaweza kubadilisha msimbo ulio kwenye mtandao. Kuna akaunti ya duka la programu. Kuna jina la tovuti, ambalo mara nyingi limesajiliwa kwa barua pepe ya fundi na kulipiwa kwa kadi yake. Kuna seva, nakala za akiba za data, na kama mnatumia msimbo wa nyota na reli kwa simu za kawaida, kuna mkataba na kampuni inayoutoa. Yaandikeni yote kwenye jedwali la safu tatu: kitu gani, kiko kwa nani leo, kitakuwa kwa nani kazi ikiisha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mali yenyewe haishikiki.

Mtenganishe pia kusoma na kuandika. Haki ya kusoma msimbo apewe kila mtu, hata wapita njia. Haki ya kuubadilisha iwe ya wachache, na badiliko lolote lipitiwe na mtu wa pili kabla halijaingia. Mwaka 2018 mtunzaji wa maktaba ya JavaScript iitwayo event-stream alimkabidhi haki zake mtu asiyemjua aliyejitolea kumsaidia. Mtu yule akaingiza humo msimbo wa kuiba bitcoin kwenye pochi ya Copay. Jumuiya inapodai “uwazi”, isiishie kumpa kila aliyeomba ufunguo wa kuandika.

Hatua ya 3: Patananeni juu ya leseni kabla ya bei

Leseni hubadilisha bei, kwa hiyo haina maana kupatana bei kwanza. Zipo njia nne zinazofaa kujadiliwa.

MIT, ile iliyotumiwa na Bitcoin tangu 2009, humruhusu mtu yeyote kuchukua msimbo, kuubadilisha na hata kuufunga. GPL humtaka anayesambaza programu iliyobadilishwa atoe na msimbo wake. AGPL huenda mbele zaidi: hata asiyesambaza programu, bali ameibadilisha na anaiendesha kwenye seva yake na watu wakaitumia kwa mtandao, naye analazimika kuwapa watumiaji msimbo. Njia ya nne ni ya kuchelewesha, ambapo msimbo unaonekana na wote, lakini kwa muda uliotajwa hakuna anayeruhusiwa kuufanyia biashara bila idhini. Uniswap, soko la mtandaoni la kubadilishana tokeni, walifanya hivyo na toleo lao la tatu la mwaka 2021. Toleo la pili lilikuwa limenakiliwa na mshindani wao, SushiSwap, mwaka uliotangulia, kwa hiyo la tatu wakaliweka chini ya leseni ya kibiashara hadi Aprili 2023, kisha likawa la GPL.

Kwa pochi ya jumuiya yenye seva, mimi ningeshikilia AGPL na nisiiachie. Fundi akiogopa kwamba kijana mwingine wa Tudor atanakili kazi yake na kuiuza kwa kikundi cha Likoni, mpeni ucheleweshaji wa miezi sita au mwaka kwa sehemu zile za ziada, si kwa pochi yenyewe. Pochi inayoshika pesa za watu lazima ikaguliwe na yeyote anayetaka, tangu siku ya kwanza.

Hatua ya 4: Pesa zitoke wapi

Miradi mikubwa ya sarafu za kripto ina mbinu zake, na kila moja imeacha funzo. Dash hutenga kwa mfuko wa maendeleo sehemu ya sarafu mpya zinazotoka kwa kila bloku, yaani kila fungu la miamala, na wenye nodi kuu, kompyuta zinazoushikilia mtandao, hupiga kura juu ya mapendekezo. Zcash, kuanzia Novemba 2020, iligawa asilimia 20: asilimia 7 kwa kampuni iliyoianzisha, 5 kwa wakfu wake, na 8 kwa ruzuku za wengine. Monero haitengi chochote, watu huchanga kwa hiari kwa kila pendekezo. Kwa Bitcoin Cash, mwaka 2020, timu ya Bitcoin ABC iliweka kwenye programu yake sharti la asilimia 8 ya malipo ya wachimbaji, wale ambao kompyuta zao huthibitisha miamala, kwenda kwenye maendeleo. Kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, wapinzani waliuchukua, wakaondoa sharti lile, na Novemba mwaka huo wachimbaji wengi wakawafuata. Fedha ya kulazimisha hudumu pale tu ambapo watu hawana pa kwenda, na msimbo wazi daima huwapa pa kwenda.

Kwa kikundi cha Mombasa, michango ya kila mwezi pamoja na sehemu ndogo ya ada za pochi inatosha. Kuna kitu kimoja ningekikataa hata fundi akibembeleza: kumlipa kwa kutengeneza tokeni mpya. Inaonekana ni pesa ya bure. Lakini kama kura zenu huhesabiwa kwa tokeni, baada ya malipo machache fundi ndiye mwenye kura nyingi kuliko soko zima, na kikao kijacho cha kupatana atakuwa anapatana na nafsi yake.

Hatua ya 5: Kaeni kikaoni

Watu wachache, ana kwa ana. Swahilipot Hub, karibu na Fort Jesus, vijana wa teknolojia wameizoea, lakini baraza lolote lenye kivuli na kahawa linafaa. Baada ya Alasiri ni saa nzuri. Ijumaa mchana musijaribu.

Mwacheni fundi aanze, aeleze kazi aliyokwisha kuifanya bure, maana karibu kila mara ipo, na haijawahi kushukuriwa. Nimeona bei ikishuka baada tu ya mzee mmoja kusema, “Ahsante, mwanangu, hili hatukulijua.” Kisha wajumbe watoe jedwali la hatua ya 2 na kulipitia mstari kwa mstari. Bei iwe ya mwisho.

Bei itajwe kwa shilingi, hata kama malipo ni kwa sarafu ya kidijitali, na muandike kiwango cha kubadilisha kitachukuliwa wapi na saa ngapi, kwa mfano saa sita mchana ya siku ya malipo. Kusema “tutakulipa tokeni elfu kumi” ni kamari kwa pande zote mbili.

Tuseme mmepatana shilingi 300,000. Mgawanyo ambao ningeupendekeza ni huu. Shilingi 45,000 fundi anapohamisha msimbo wote alionao, hata ukiwa nusu, kwenye ghala la msimbo la mtandaoni lililofunguliwa kwa jina la jumuiya. Shilingi 75,000 pochi inapopokea na kutuma kwenye mtandao wa majaribio. Shilingi 120,000, lile fungu kubwa, funguo zote za kwenye jedwali zikishakabidhiwa na pochi iko hewani. Na 60,000 zilizobaki baada ya siku 60 za kurekebisha kasoro, pamoja na maelekezo ya Kiswahili ambayo fundi mwingine anaweza kuyafuata. Mafundi hulalamika kwamba fungu la mwisho ni kubwa. Ni kubwa kwa sababu maelekezo ndiyo kazi ambayo hakuna anayependa kuifanya.

Kipengele cha mkataba kinaweza kuandikwa hivi (mjenzi wa pili ni mtu anayejua programu lakini hakushiriki kuiandika, tazama hatua ya 7):

“Kabla ya kila malipo, fundi ataweka katika ghala la jumuiya msimbo chanzo wote wa awamu hiyo pamoja na maelekezo ya kuujenga. Msimbo utatolewa chini ya leseni ya AGPL toleo la 3. Malipo yatatoka ndani ya siku 5 baada ya mjenzi wa pili kuthibitisha kwamba ameujenga na kuuendesha. Mjenzi wa pili asipotoa jibu ndani ya siku 10, kazi itahesabiwa kuwa imekubaliwa.”

Sentensi ya mwisho ni ya kumlinda fundi. Bila hiyo, jumuiya inaweza kumzungusha hadi mwaka ukaisha, kila wiki “tunaangalia, tunaangalia”.

Hatua ya 6: Pesa ziwekwe amana

Mkishasaini, pesa yote ya mkataba iondoke kwenye mfuko wa kawaida na kuingia pochi ya saini nyingi, ambapo fundi anaiona kwenye mnyororo, yaani daftari la wazi la miamala, lakini hawezi kuigusa peke yake. Saini 2 kati ya 3 zinatosha kwa kazi ndogo: mjumbe mmoja wa jumuiya, fundi, na mtu wa tatu anayekubalika na wote. Kwa mfuko mkuu tumieni 3 kati ya 5. Washika funguo wasikae nyumba moja, wala wasiwe ndugu wa tumbo moja, na asiwepo anayehifadhi maneno ya siri kwa picha ya simu. Mtu wa Kisauni, mwingine Changamwe, mwingine ng'ambo ya feri. Andikeni pia itakuwaje mmoja akifariki.

Monero, jumuiya yenye watu wanaojua usalama kuliko wengi wetu, iliweka mfuko wake wa michango kwenye pochi moja. Septemba 2023 pochi hiyo ikasafishwa, zaidi ya sarafu 2,675 za Monero (XMR). Na msifikiri pochi ya saini nyingi ni kinga ya kila kitu. Novemba 2017 hitilafu katika msimbo wa pochi za saini nyingi za kampuni ya Parity ilifunga zaidi ya sarafu 513,000 za ether zisitoke tena. Tumieni ile iliyokaguliwa na kutumiwa na wengi kwa miaka, na msikubali fundi wenu awaandikie ya kwake.

Mkilipa kwa M-Pesa, kumbukeni kikomo cha shilingi 250,000 kwa muamala mmoja. Kodi ya asilimia 3 ya mali za kidijitali, iliyoanza Septemba 2023, iliondolewa na Sheria ya Fedha ya 2025 na mahali pake pakaja ushuru wa asilimia 10 kwenye ada za watoa huduma. Na kama pochi yenu inawashikia watu sarafu zao au kuwabadilishia kwa ujira, hapo mmeingia kwenye sheria ya mwaka 2025 ya watoa huduma wa mali hizi, yenye leseni za Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Muulizeni wakili kabla, si baada.

Hatua ya 7: Mjenzi wa pili aujenge msimbo mbele yenu

Mjenzi wa pili ni mtu anayejua programu lakini hakushiriki kuiandika, na alipwe kidogo kwa muda wake. Aje na kompyuta yake, si ya fundi. Avute msimbo kutoka ghala la jumuiya, afuate maelekezo yaliyomo bila kumuuliza fundi chochote, na atoe programu.

Mara nyingi jaribio la kwanza hukwama, na karibu kila mara hukwama pale pale: kuna faili la mipangilio, lenye anwani za seva na nywila, ambalo fundi hakuliweka kwenye ghala. Ni sawa asiliweke, siri hazikai kwenye ghala la wazi. Lakini aweke mfano wake, wenye majina ya kila kitu kinachohitajika na nafasi tupu za kujaza. Mkimwona mjenzi anampigia fundi simu aulize “hapa naweka nini?”, awamu hiyo haijatimia, hata programu ikifunguka baadaye.

Programu ikishatoka, iwekeni kwenye simu ya bei nafuu, ile ambayo wanachama wanayo kweli, na tumeni tokeni moja ya majaribio kutoka simu hadi simu. Chukueni alama ya SHA-256 ya faili la programu, ule mfuatano wa herufi na namba unaobadilika faili likiguswa hata kidogo, na muiandike kwenye kumbukumbu za kikao pamoja na tarehe na namba ya badiliko la mwisho kwenye ghala. Kisha watia saini watoe malipo hapo hapo, fundi akiwa bado ameketi.

Hatua ya 8: Mapatano yakivunjika

Hutokea. Fundi amepata kazi Nairobi, au jumuiya imegawanyika. Kama mmefuata awamu, kilichopotea ni awamu moja tu. Msianze kwa kutangaza kwenye kundi. Kwanza simamisheni amana, mtu wa tatu asisaini chochote mpaka wajumbe wakutane. Pili, nakilini ghala lote mahali pengine, pamoja na historia yake. Tatu, badilisheni funguo kwa mpangilio huu: mkataba erevu, kisha seva, kisha jina la tovuti, kisha akaunti ya duka. Aliyeondoka alipwe awamu aliyoimaliza, hata kama mmekasirika naye, maana mtahitaji kumuuliza maswali.

Wanachama waambiwe baada ya hapo, kwa ujumbe wenye alama ya SHA-256 ya toleo jipya, na kwa mdomo sokoni kwa wale wasiofungua Telegram. Pochi ya zamani iacheni ikiendelea kufanya kazi kwa angalau mwezi mmoja, ili kila mtu apate nafasi ya kuandika maneno yake ya siri na kuhamisha salio.